Mstari Mwekundu wa Saa Moja na Nusu

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na miguu yangu imevimba hadi ndala hazinitoshi. Daktari hasemi tena "ukipona". Siku hizi anasema "ukijisikia nafuu kidogo". Nimefundisha Kiswahili karibu maisha yangu yote, tofauti ya maneno hayo naijua.

Kwa hiyo leo sitaandika habari za mitaro iliyoziba wala za bei ya vitunguu. Leo ni lile jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa humu tangu Neema, mjukuu wangu, aniwekee blogu hii ili, kwa maneno yake, nisizeeke kwa kununa.

Asubuhi redio ilisema kuna walimu wanaotaka kugoma. Mishahara, malimbikizo, nyumba, vyoo. Orodha ni ileile. Nilikuwa kibarazani kwangu hapa Chang'ombe na majirani wawili. Mama Zuhra alikuwa ameniletea uji. Sudi, fundi wa kuchomelea mageti, alikuja nimwandikie barua ya kuomba kibali cha kuweka mashine zake kando ya barabara. Huyu Sudi alimaliza darasa la saba katika shule ambako nilikuwa mwalimu mkuu, si mbali na hapa.

"Wagome tu," Sudi akasema. "Mwalimu akigoma na asipogoma, tofauti nani anaiona?"

Mama Zuhra akacheka, uji ukamwagika kwenye sahani. "Waache bwana, njaa hiyo. Mie nikimwona mwalimu na kiatu kipya, najua kuna mtu kafiwa, kagawa nguo."

"Na kazi yenyewe ya wito. Anayetaka hela aje tuchomelee mageti."

Nikamtazama. Mtu mzima, ana mke na watoto watatu, amekuja kwangu kwa sababu aya moja ya barua inamshinda. Karatasi tupu iko mkononi mwake, kalamu nyuma ya sikio, naye anawacheka watu waliokesha wakihangaika na daftari lake.

Kisha akanigeukia. "Si wewe mwenyewe Mzee ulisemaga? Mwalimu kugoma ni kama mama kumnyima mwanawe ziwa. Marehemu baba alikuwa anatuambia hivyo kila siku."

Ni kweli. Ni mimi.

Wasiojua kazi yetu niwaeleze. Kila asubuhi walimu husaini daftari la mahudhurio katika ofisi ya mwalimu mkuu. Ikifika saa moja na nusu, mwalimu mkuu huchukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya jina la mwisho. Atakayesaini chini ya mstari huo amechelewa, na atajieleza. Niliupenda mno mstari ule. Sikuwa na mamlaka nyingine yoyote hapa duniani, hata nyumbani mwangu.

Mwaka mmoja uliitishwa mgomo wa walimu nchi nzima, na wa kwangu walikubaliana wafike mapema, wasaini, kisha wakae ofisini kwao bila kuingia darasani. Kwa namna hiyo hakuna ambaye angeitwa mtoro. Aliyelifikiria hilo alikuwa Mwalimu Nantule, mwanamke mwembamba mwenye asili ya Newala. Darasani kwake mlikuwa na watoto mia moja na kumi na wanne, wengine wakiandikia sakafuni. Choo cha walimu hakikuwa na mlango. Akibanwa, alivuka barabara kwenda kubisha hodi kwa Mama Zuhra, huyuhuyu wa uji, ambaye alimfungulia, kisha akaifanya habari hiyo kichekesho cha saluni nzima.

Jioni ya kuamkia mgomo niliitwa na wakubwa wangu nikaambiwa shule yangu isiwatie aibu. Hawakuniambia nifanye nini. Hilo nililibuni mwenyewe, na niliporudi nyumbani nilikula vizuri na kulala vizuri.

Kulipokucha nilitangulia kufika. Nikafungua ukurasa mpya, nikapiga mstari mwekundu juu kabisa, kabla ya jina lolote. Walimu walipoingia saa moja na robo, wote walikuwa wamekwisha kuchelewa. Wengi walisaini chini ya mstari bila kuniangalia. Walikuwa na watoto, walikuwa na kodi za nyumba. Saa nne ilipofika walikuwa wamerudi madarasani.

Mwalimu Nantule aliutazama mstari, akaitazama saa ya ukutani, akaweka kalamu mezani. "Siwezi kusaini uongo, Mwalimu Mkuu."

Nikaliandika mimi mwenyewe jina lake. Mbele ya jina nikaandika: Hakufika.

Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mezani kwangu, koti lake la mvua likidondosha maji sakafuni.

Baadaye wazazi na majirani walijaa getini wakipiga kelele, baba yake Sudi na Mama Zuhra wakiwamo. Nilitoka kuzungumza nao, na hapo ndipo nilipolitoa lile neno la mama na ziwa. Wakapiga makofi. Walikuwamo wanaume ambao hawakuwahi kukanyaga kikao hata kimoja cha shule, watu wasiojua mtoto wao yuko darasa la ngapi, wananipigia makofi. Mwalimu Nantule akapita katikati yao akielekea barabarani, wakamzomea. Nami nilisimama pale nikiwa nimevimba kichwa, nikiamini kwamba wananiheshimu.

Alifukuzwa kazi kwa utoro.

Kuna baya zaidi. Miaka miwili iliyopita alikuja hapa nyumbani. Mvi zimemjaa, anasaidia watoto wa jirani masomo kibarazani kwake Buguruni. Akaniamkia, shikamoo Mwalimu Mkuu, kama zamani. Alikuwa anafuatilia mafao yake, na kila akienda anaambiwa faili linasema alitoroka kazini. Alihitaji barua moja tu kutoka kwangu kwamba siku ile alifika.

Nikamwambia sikumbuki.

Nakumbuka hata vifungo vya lile koti. Vilikuwa vya kijani, kimoja kimekatika.

Basi leo, uji ukiwa unapoa, niliwasimulia Sudi na Mama Zuhra yote haya. Walinisikiliza kama watu wanaomsikiliza mtoto akieleza ndoto. Nikamtuma Neema alete daftari kutoka kwenye sanduku la nguo. Nilipostaafu niliondoka nalo, nikiogopa asije mtu akaulizia. Nikawafungulia ukurasa wenyewe.

Sudi akapitisha kidole taratibu, midomo ikimcheza. Kisha uso ukamng'aa. "Sasa mbona imeandikwa hapa, Mzee? Hakufika. Na mwandiko ni wako."

"Nimekwambia niliandika uongo."

"Aa, Mzee. Mwalimu Mkuu mzima?"

Mama Zuhra akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu. "Baba, dawa za asubuhi umekunywa?"

Nimewadharau watu hawa miaka mingi, lakini leo nimewadharau kwa namna mpya. Wataamini lolote linalomdhalilisha mwalimu, ila hili hawaliamini, kwa sababu likiwa kweli itabidi wajiulize walimzomea nani. Na ni nani aliyewafundisha kwamba kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu hakina mjadala? Sudi, kati ya yote niliyompa, hilo ndilo alilolishika.

Nikachukua ile karatasi tupu aliyokuja nayo, nikaandika barua ya Mwalimu Nantule. Imenichukua karibu saa nzima. Nimeeleza mstari niliupiga saa ngapi, na kwa nini. Nikatia sahihi. Kisha nikamwambia Sudi aweke sahihi yake kama shahidi kwamba ameniona nikisaini.

"Ya kwangu je?"

"Weka sahihi, ndipo niandike ya kwako."

Akaweka, bila kusoma hata mstari mmoja. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kufurahi kumwona mwanafunzi wangu hasomi. Barua yake nikaiandika, na niliiandika vizuri. Atakipata kibali, na vyuma vyake vitatupigia kelele mtaa mzima. Neema ameipiga picha barua ya Mwalimu Nantule pamoja na ukurasa wa daftari, nasi tumeziweka picha hizo hapa chini, ili hata nikifa asitokee wa kusema ilikuwa homa.

Kesho mapema Neema ataipeleka barua Buguruni, pamoja na daftari lenyewe. Nimemkataza kuniombea msamaha. Mwalimu Nantule amenifanyia kazi ya kutosha, sitamwongezea na hiyo ya kunituliza. Amwambie tu kwamba bado nipo, na kwamba watu wa mafao wakihitaji kuyasikia haya kinywani mwangu, siku yoyote, ofisi yoyote, nitabebwa kwa kiti nipelekwe.

Ofisi hizo nazifahamu. Zinaweza kuniita baada ya wiki mbili, zinaweza kuniita baada ya miezi sita.

Je, siku hiyo mimi nitafika?