Bipu Tatu za Karakana ya Baba

Kicukiro, Kigali
Jumapili jioni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa herufi kubwa na kuruka mstari, ili usihangaike na ile miwani yenye mkono mmoja. Kama bado hujaitengeneza, nitakuletea nyingine nikija Krismasi. Kifua kinaendeleaje? Mama aliniambia umeanza kufunga kitambaa puani unapopiga msasa, nikafurahi, kisha akaongeza kwamba unakifunga akipita yeye tu. Baba, kifunge hata asipopita. Na goti lake je, bado linamsumbua akipanda kwenda kanisani?

Mimi ni mzima. Chumba changu ni kile kile, chini kidogo ya njia panda ya Sonatubes, na mama mwenye nyumba bado ananiita Mtanzania kana kwamba ndilo jina nililobatizwa nalo. Wiki iliyopita aliniletea sahani ya maharage na ndizi, akakaa mlangoni mpaka nikamaliza. Alisema nimekonda. Ni kweli nimekonda kidogo, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Ningeweza kumpigia Mama, lakini ingebidi aje akupigie kelele sikioni pale karakanani, na mtaa mzima ungesikia. Jambo hili ni lako. Nataka ulisome peke yako kwanza.

Kazi ya ofisi yetu kule Kacyiru unaijua. Tuko watano. Claudine ndiye mwenye kampuni, Innocent anaandika programu pamoja naye, na mimi ni karani: napokea barua, naziandika daftarini, napanga mafaili, napiga mihuri. Programu yetu ni ya mafundi seremala wa Gisozi. Mtu akiagiza kitanda au kabati, simu yake inapata alama kila hatua: mbao zikishapigwa randa, zikishaunganishwa, na kitu kikiwa tayari. Wateja wengi ni Wanyarwanda walioko ng'ambo wanaowanunulia wazazi wao samani, na wanafurahi kufuata kabati la mama yao wakiwa mbali vile.

Ambalo sikuwahi kukueleza ni wazo lilikotoka. Lilitoka kwako. Mwezi wangu wa kwanza, tukiwa tunakula chakula cha mchana, Claudine alisema mafundi hawafanyi kazi kwa sababu wateja wanawapigia simu kutwa. Nikawasimulia, kama kichekesho tu, jinsi ulivyokuwa ukiwabipu wateja wako: bipu moja, mbao zimepigwa randa, bipu mbili, kitu kimeunganishwa, bipu tatu, njoo uchukue. Nikawasimulia na Mwalimu Kamugisha, mwalimu mkuu wa shule uliyoitengenezea madawati, ambaye kila ulipombipu alipokea na kusema haloo, haloo, mpaka vocha yako ikaisha. Wote walicheka isipokuwa Innocent. Yeye alikuwa anatafuta kalamu.

Sasa, wiki tatu zilizopita ilikuja bahasha ngumu iliyotumwa kwa ndege. Niliifungua mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ilitoka kwa mawakili wa kampuni ya ng'ambo ambayo hatujawahi kuisikia. Ilisema kampuni hiyo ina hataza, yaani ubunifu iliousajili serikalini ili mwingine asiutumie bila ruhusa yake, na ubunifu wenyewe ni kumjulisha mteja kwa simu, kwa alama fupi, hatua za kitu anachotengenezewa. Kwa hiyo tulipe ada ya kila mteja, kila mwaka, au tushtakiwe huko kwao.

Baba, unanijua. Mtoto aliyekuwa akisubiri uzime mashine ya randa ndipo apite mlangoni hajabadilika. Niliisoma barua ile mara nne. Niliona kichwani watu wakija kuuliza wazo hili lililetwa ofisini na nani, na jibu likiwa mimi. Niliiandika daftarini kama inavyotakiwa, nikaitolea nakala mbili, kisha nikaiweka kwenye droo chini ya mihuri. Ilikaa humo siku mbili, na siku za kujibu zilikuwa zinahesabika.

Siku ya tatu sikuweza tena. Niliingia kwa Claudine nikaiweka mezani na kusema nilipoificha. Aliisoma yote bila kuinua kichwa. Nilisubiri anifukuze. Akasema, "Vene, siku nyingine ukiogopa, njoo uogopee humu ndani na mimi." Kisha akamwita Innocent.

Tulikwenda kwa wakili, mama mmoja mpole wanayemwita Maître Béatha, mwenye ofisi mtaa wa pili kutoka kwetu. Alituambia kampuni za namna hii zipo nyingi. Hazina karakana, hazina programu, hazina mteja hata mmoja. Hununua hataza za watu waliofilisika, zikakaa nazo, kisha zikatafuta wadogo wa kuwatisha, kwa sababu wakubwa wana mawakili wao. Hata kama hatuna kosa, alisema, kulithibitisha hilo mbele ya mahakama ya huko kungekula mishahara ya ofisi nzima kwa zaidi ya mwaka. Wanaotudai wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana ada yao wameiweka chini kidogo ya hapo, mtu aone nafuu kulipa. Innocent alitaka tulipe yaishe. Claudine akamuuliza mwakani tutalipa na nini. Tukilipa tunafunga mwakani, tukishtakiwa tunafunga kesho. Na ofisi ikifungwa, Baba, kibali changu cha kazi kinakwisha nayo.

Jumatano nilitumwa Gisozi kuwaeleza mafundi. Kiongozi wao ni mzee Saidi, fundi wa makabati. Ungempenda, naye ana mashine kuukuu anayoisema vibaya kutwa na hataki mtu mwingine aiguse. Nilimweleza polepole. Alikuwa anapaka vanishi mlango, hakuacha.

"Wewe binti, hii kitu ya kubipu iko na mwenyewe?" akaniuliza.

Nikamwambia ndivyo wanavyodai.

"Basi na kupiga hodi iko na mwenyewe. Leo nikifika kwa shemeji yangu nitalipa nani?"

Vijana wake walicheka, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza tangu bahasha ile ije. Lakini nilipokuwa narudi kwa moto, ndivyo wanavyoita bodaboda huku, nimeshika kofia aliyonipa dereva ambayo ilikuwa kubwa kuliko kichwa changu, lile neno la mzee Saidi lilinikaa. Kama watu walikuwa wakifanya hivyo kabla ya hao kusajili, wamesajili nini?

Nilimuuliza Maître Béatha, Claudine akiwepo, nikamsimulia na bipu zako. Alivua miwani. Akasema hapo ndipo pa kushika: tukionyesha kwamba kuna mtu alifanya hivyo waziwazi kabla ya hataza yao, hataza yenyewe inaweza kufutwa, nao hilo wanaliogopa, maana ikifutwa kwetu imefutwa kwa wote wanaowatoza. Kuna walimu na wanafunzi wa sheria katika chuo kimoja cha huko ng'ambo wanaowajibia watu kama sisi bila malipo, ikiwa tu kuna ushahidi. Akaniuliza kama baba yangu aliwahi kuandika mahali utaratibu wake wa bipu.

Uliandika, Baba. Yaani niliandika mimi. Zile karatasi za kuwaeleza wateja maana ya kila bipu, nusu ya ukurasa wa daftari, kopi moja ya mteja na moja ya kwetu, nilikuwa darasa la sita. Hataza yao ilisajiliwa nikiwa kidato cha pili. Bado naona mstari wa mwisho niliokuwa naupigia mstari kwa rula: Tafadhali usipokee.

Nikawaambia. Claudine alinishika mkono. Kisha Maître akauliza mwandiko ni wa nani, nikasema wangu.

"Basi wewe ndiye shahidi," akasema, "na ndiye wa kwanza watakayemwita mwongo. Watasema uliandika jana."

Kwa hiyo kopi ya kwetu haitoshi. Inatakiwa ile ya mteja, na mteja ninayemkumbuka anayetunza karatasi ni shule. Mwalimu Kamugisha alikuwa akigonga muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, hata juu ya karatasi ya kufungia misumari. Humu ndani nimeweka barua ya kumpa, ili usilazimike kueleza kwa mdomo. Mpelekee tu. Aitafute karatasi ile katika faili la madawati, na aandike kwa mkono wake kwamba imetoka humo.

Hilo ni ombi la kwanza. La pili ni gumu, nimelizunguka kurasa tatu.

Natakiwa kula kiapo kwa maandishi, nieleze jinsi utaratibu ule ulivyoanza. Maître aliniuliza kwa nini fundi awabipu wateja badala ya kuzungumza nao. Nikajibu haraka kwamba ulikuwa unabana vocha. Akaandika.

Nilidanganya, Baba. Mimi na Mama tunajua ni ule mwaka masikio yalipoanza kuziba kwa sababu ya mashine. Yule mama wa sokoni alikupigia kukwambia milango miwili, ukamjibu ndiyo, ndiyo, ukamtengenezea kabati la milango mitatu. Ulirudi nyumbani usiongee mpaka tumemaliza kula, kisha ukasema kuanzia kesho hupokei simu ya mtu. Mjini wakasema fundi ana maringo. Ukawaacha waseme, kwa sababu fundi mwenye maringo bado anapata kazi.

Sasa siwezi kuapa kwa uongo, na ukweli wenyewe si wangu kuutoa. Utakuwa kwenye karatasi, watu nisiowajua watausoma, na Mwalimu Kamugisha huenda akaulizwa pia. Nilimwambia Claudine kuna jambo sijalisema lote na lazima niulize nyumbani kwanza. Akasema niulize, jibu letu linatakiwa liondoke mwisho wa mwezi. Hakuniuliza ni jambo gani.

Ukikataa, sitalitaja, wala hutaona tofauti yoyote kwangu nikija. Kazi nitatafuta nyingine. Ila nataka ujue ninavyoliona mimi. Niliwahi kukuonea aibu, nilipokuwa mdogo, ulipokuwa huitiki watu njiani. Leo watu werevu, waliosoma kuliko mimi, wamejenga kampuni juu ya kitu ulichokibuni siku uliyoumia, na wengine ng'ambo wanadai kilikuwa chao. Kilikuwa chako. Ningependa kulisema hilo mara moja nikiwa nimeapa, hata kama sauti yangu itatetemeka.

Nisalimie Mama, nimemtumia kitenge kwa mkono wa mama Jeni anayekuletea barua hii, yule muuza vitenge anayevuka mpaka wa Rusumo Alhamisi. Msalimie shangazi, na umwambie bado sijapata mchumba, asiwe anauliza kwa wapita njia. Msalimie Pastori, fundi wa kuchomelea, jirani yako, na mdogo wangu Projesti aache kuegemeza baiskeli kwenye mbao zako.

Usihangaike kuandika jibu. Ukiipata barua hii, nibipu mara moja. Mwalimu akiitoa karatasi, mara mbili. Na kama umeniruhusu kusema habari ya masikio yako, mara tatu. Simu itakuwa mbele yangu mezani, kando ya mihuri.

Sitapokea, Baba.

Binti yako akupendaye,
Veneranda