Sahani ao waya

Mujukuu wangu Zuena, salamu toka Kinama. Bibi yako anakohoa, lakini anakula. Mi bado napanda paa mwenyewe, kushikwa mukono apana.

Umeuliza televisheni utakayotulipia iwe ya sahani ya juu ya paa ao ya waya. Zuena, mi ndiye wa kwanza kununua redio mutaa huu, bado kijana. Nilivuta waya mupaka kwa jirani Karoli, nikamufungia spika. Jioni anagonga ukuta: "We tajiri, ongeza sauti, ao redio imelala?"

Waya ya televisheni nayo inapitia kwa jirani. Nyumba ya Karoli vita imeiacha bila paa, na hakuna anayejua yeye na watu wake walikokimbilia.

Lipa sahani. Yenyewe haiombi jirani. Ila ile waya ya redio iko ukutani, na mutu asiiguse.

Babu yako.