Magunia Mawili ya Wimbi

Mjukuu wangu Athieno,

Huku Kiyeyi tuko salama. Goti la nyanya yako limepoa, na jana alipalilia mpaka mchana. Umeniuliza kwa nini nilichelewa kuoa.

Kulikuwa na Rozi wa Tororo. Akicheka, mtu alisahau alikokuwa akienda. Nilimpenda hata nikaandikisha kinu changu cha kusaga kwa jina lake, kabla ya harusi. Siku moja tulikwenda Busia kwa baiskeli kuuza wimbi, kila mmoja na gunia lake. Njiani aliingia dukani kununua maji. Nikaona gunia lake ni zito kuliko langu, nikayabadilisha magunia bila kumwambia.

Mpakani polisi walikuwa wanatungoja. Wakapekua gunia nililobeba sasa, wasione kitu. Wakafungua alilobeba Rozi, wakatoa bangi katikati ya wimbi.

"Hapana!" akapiga kelele. "Hiyo mimi niliweka kwake!"

Kumbe ni yeye aliyewaita polisi, ili mimi nifungwe, yeye na mwanamume wake wa siri wabaki na kinu. Alikiri yote palepale.

Akiwa na pingu mikononi aliniuliza, "Kwa nini ulibadilisha?"

"Nilikuona umechoka."

Akainamisha kichwa, hakuniangalia tena.

Athieno, ilipita miaka sita kabla sijathubutu tena kumbebea mwanamke mzigo. Huyo ndiye anayekusalimu sasa hivi, na anasema ule vizuri.

Babu yako, Owori