Hewa Mbaya

Mume wangu mdogo Yosefu,

Huku hatujambo, mahindi yamekomaa, na mguu wa mama yako umepona. Umeuliza neno malaria limetoka wapi. Mimi nilijibiwa nikiwa msichana, miaka ya hamsini, baba akifanya kazi mgodini hapa Mpanda.

Mdogo wangu Anjelina alikuwa anachemka kwa homa. Mama akafunga mlango, akaziba dirisha kwa gunia, maana aliamini upepo wa jioni ndio unaoleta homa. Mganga wa zahanati alishamcheka kwa hilo, basi Mama akagoma kabisa kumtoa mtoto nje. Baba akamleta fundi wa mitambo, Mwitaliano mwenye gari la kutupeleka zahanati.

Yule hakucheka. "Mama, hata bibi yangu alifunga hivi hivi. Malaria ni neno la kwetu, maana yake hewa mbaya. Wazee wetu waliamini hivyo, kumbe ni mbu."

Mama akamtazama. "Na nyie pia?"

"Na sisi pia."

Mama akafungua mlango mwenyewe. Baada ya dawa Anjelina aliomba uji, wote tukapumua.

Bibi yako huyo Anjelina anakusalimu. Mpaka leo jua likizama anafunga madirisha, eti anazuia upepo. Nimeacha kumbishia, maana mbu nao wanabaki nje.

Ni mimi bibi yako, mkeo wa Mpanda.