Dada Anahesabu Kama Bibi

Jumatatu, 4 Machi
Daktari wa wodi kasema leo: dada hatarudi kuishi peke yake. Kiharusi kimempokonya hesabu. Anayeshindwa kuhesabu hadi kumi atakosea dawa, kwa hiyo ni makao ya wazee. Nikauliza anakosea wapi. "Baada ya tano, mzee. Anabuni maneno."
Dada alikuwa macho. "Bwana Magazeti! Umekuja na habari au na njaa?" Njaa, nikasema. Akanisukumia mkate wake.
Nyumbani kimya. Nimewasha redio ili pawe na mtu.

Jumanne, 5 Machi
Mhariri anataka ukurasa mzima: binadamu alijifunzaje kuhesabu. Nikamwomba anipe hata ajali. "Andika tu mzee wangu, sifuri haijawahi kumshtaki mtu."
Nimesoma kutwa. Chale kwenye mifupa. Vidole vya mkono mmoja, kisha miwili. Watu wa Babeli walihesabu kwa sitini – ndiyo maana saa ina dakika sitini. Wahindi wakaifanya sifuri tarakimu, Waarabu wakaieneza. Na sisi? Moja hadi tano ni zetu, nane na kumi pia. Sita, saba na tisa tulizipokea kwa Waarabu, zikazisukuma kando za zamani: mtandatu, mfungate, kenda.
Nikaweka kalamu chini. Bibi alihesabu hivyo!

Jumatano, 6 Machi
Nilimwomba dada ahesabu. Kidole kwa kidole: tano, mtandatu, mfungate, nane, kenda, kumi. Hakuruka hata moja. Yeye alilelewa na bibi. Mimi nilipelekwa shule mapema.
"Mbona umenikodolea macho kama maiti imepiga chafya?"
Nilicheka hadi muuguzi akaja kuchungulia.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, hakubisha. Kijana muungwana. Kasema yaliyoingia kwanza huenda ndiyo yaliyobaki. Atampima upya, kwa maneno yake mwenyewe. Atamhesabisha vidonge, kisha atamuuliza mambo ya kawaida: leo siku gani, nyumbani kwake wako wangapi. Akifaulu, anarudi kwake.
Makala nimeipeleka. Mhariri kakata Babeli.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemfanyisha mazoezi ya kipimo. Vidonge – sawa, kila mara. Leo Jumamosi – sawa. Nyumbani mko wangapi, dada?
"Kenda."
Nikamwomba anitajie. Bibi. Baba, mama. Shangazi. Wale pacha. Kitinda mimba wetu. Yeye. Mimi. Hesabu imekamilika, hakumsahau mtu. Saba kati yao tumewazika.
Nikamwambia, taratibu, kwamba tumebaki wawili, na kwake anaishi peke yake. Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "We si hushindi nyumbani, utawaonea wapi? Njoo jioni, wote wanakuwepo."
Nilimfunika miguu, nikatoka.
Jibu analotaka daktari ni neno moja: mmoja. Dada ni mwepesi, nikimrudiarudia atalishika. Lakini akilishika, atalala peke yake katika nyumba ile akiwasubiri watu saba. Nisipomfundisha, anaenda makao. Miaka yote katika kazi hii sijamlisha shahidi maneno.
Nimepika wali. Umebaki mwingi, kama kawaida.
Kesho wageni wanaruhusiwa kuanzia saa nne. Kipimo ni Jumanne, saa tatu asubuhi.