Daktari Atakapokuuliza

Kerman, wiki ya mwisho kabla ya Nowruzi

Mdogo wangu Bahman,

Pokea salamu za dada yako, na kama unasoma umesimama, tafadhali kaa. Sisi huku ni wazima. Presha ya Mama imetulia, na Baba anatembea kwa kile chuma chake cha kushikilia, pole pole, huku akimlaumu fundi aliyeweka sakafu, Mungu amrehemu. Wewe je, u hali gani? Mgongo unakuachia ulale? Nasrin na watoto hawajambo? Kamba wakavu uliotutumia tuliwapata, na Mama amewagawa mpaka kwa majirani asiosemezana nao.

Ningekupigia simu, lakini simu ya nyumbani kwako ni kama redio ya mtaa. Ukiinua wewe, mama mkwe wako yuko ubavuni anauliza nani huyo, anasemaje, wamekula nini. Ndiyo maana barua hii nimempa mkononi dereva wa basi la Bandar Abbas na kumwapisha asimkabidhi mtu mwingine. Isome peke yako, na usiingie chumba cha upasuaji siku ya Jumatano kabla hujaimaliza.

Ndiyo, najua kuwa ni Jumatano. Nasrin alinipigia akilia mpaka nikadhani kuna msiba. Aliniambia na mengine, nitayafikia. Usimgombeze. Kama unatafuta wa kumgombeza, nigombeze mimi, nimeshazoea.

Tangu anipigie situlii. Nimesafisha nyumba mara mbili kwa ajili ya mwaka mpya wa Nowruzi, nimefua mapazia yaliyokuwa safi, chai naimimina halafu naisahau mpaka inapoa. Mume wangu ameniuliza kama nimeota jambo baya. Nimemwambia sijaota, nimeliona kwa macho yangu, na ni hilo ninalotaka kukusimulia. Wewe uliambiwa Baba alivunjika nyonga, akapasuliwa, halafu mapafu yakamsumbua kidogo akapona. Mapafu hayakuwa na kosa lolote, Bahman. Tulikudanganya.

Kuanguka alianguka kweli, pale kwenye ngazi ya kushukia bustanini. Tulimpeleka hospitali ukoo mzima, unatujua. Mama, Ami Jalil na mkewe, shangazi Turan na flaski yake, mimi, na mtoto wa Ami Jalil aliyekuja kutafuta maegesho akaishia naye chumbani. Daktari aliyekuja ni mama mmoja, Daktari Kamrani, mfupi, ana sauti ya mtu asiyelala vya kutosha. Alituomba tutoke ili azungumze na mgonjwa peke yake. Ami Jalil akamjibu kwa heshima zote, mkono kifuani, kwamba sisi ni damu moja, mgonjwa hana siri nasi, aulize tu. Hakuna aliyesogea. Shangazi Turan ndiyo kwanza akavuta kiti.

Daktari akauliza sukari, akauliza moyo, na kila swali tulilijibu sisi. Baba alikuwa akifungua mdomo, jibu limeshatoka kwa mtu mwingine. Kisha akauliza kama mgonjwa anatumia kitu chochote cha kulevya. Ungeona nyuso, Bahman! Ami Jalil alicheka kabisa. Alimwambia daktari kwamba huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, nusu ya wanaume wa mji huu wamepita mikononi mwake, na aliyenusa moshi alimfukuza shule siku hiyo hiyo. Daktari aombe radhi na aulize swali lingine. Mama akaapa kwa Qurani kwamba nyumbani kwake hakuna mraibu na hajawahi kuwako. Nami niliitikia kwa kichwa, kwa sababu niliamini hivyo hivyo. Baba alikuwa akitazama dari. Daktari alimtazama kwa muda, akaandika, akaondoka.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Mambo yalianza baadaye. Baba alikuwa akilia kwa maumivu, Bahman, yule Baba yetu ambaye aling'olewa jino bila ganzi akasema asante. Sindano za maumivu zilikuwa kama maji. Jasho linamtiririka, pua inachuruzika, anapiga miayo mfululizo, tumbo likamfunguka, miguu haitulii kitandani hata dakika. Madaktari wakahisi vijidudu vimeingia kwenye kidonda. Wakampima damu, wakampiga picha, wakambadilishia dawa, wakamwongezea ya maumivu. Mimi nikazunguka kwenye ukumbi nikisoma dua zote ninazozijua na nyingine nusu nusu. Wageni walikuja na makopo yao ya mananasi ya kumpa pole mgonjwa, wakayapanga dirishani, wakatikisa vichwa.

Basi siku moja mchana, saa ya kutembelea wagonjwa, shangazi Turan akampa Baba chai kutoka kwenye flaski yake. Kikombe kimoja, kisha cha pili. Muda si muda Baba akatulia. Uso ukarudi rangi, akauliza habari zako, akaomba redio. Tukambusu shangazi mikono. Mama akasema ni dua ya shangazi hiyo, na shangazi akainamisha macho kama mtu asiyependa kusifiwa. Wakati wa dawa ulipofika, nesi akaja na sindano ile ile kubwa waliyokuwa wameiongeza, akamchoma, akaenda zake.

Mimi nilikuwa nimekaa naye namchambulia chungwa. Nilimsikia akikoroma nikafurahi, nikasema afadhali leo amelala. Halafu ule mkoromo ukakaa mbali na mwenzake, ukakaa mbali zaidi, kisha sikuusikia tena. Midomo ilikuwa ya bluu. Nilimtikisa, nikampiga makofi mashavuni, nikamwita kwa jina lake mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Nilipiga yowe lililoleta hospitali nzima.

Daktari Kamrani aliingia mbio na viatu vya plastiki. Alimfunua Baba macho kwa kidole, na mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akageuka na kupaza sauti, akauliza mtu huyu amepewa nini. Ami Jalil akasema hajapewa kitu. Mama akasema chai tu. Shangazi Turan akasema chai ya mdalasini, daktari, chai ya mdalasini na sukari ya nabati. Daktari akauliza tena, na safari hii aliuliza kama anayeomba. Mimi nilichukua ile flaski nikaonja chai humo humo. Ilikuwa chungu, uchungu ule ambao kila mtu wa Kerman anaujua hata kama hajawahi kuuonja mara ya pili, kwa sababu wote tulipakwa kidogo kwenye fizi tulipoota meno.

Nikasema ni afyuni. Ami Jalil akanikemea ninyamaze, kwamba naiaibisha nyumba. Damu ilinichemka, nikamwambia nyumba itabaki na heshima yake na sisi tutabaki tumevaa nyeusi. Nikarudia kwa sauti mpaka wageni wa kitanda cha jirani wakasikia: ameyeyushiwa afyuni kwenye chai, daktari, sijui kiasi gani.

Daktari hakunitazama hata. Alidai sindano fulani kwa nesi, akamchoma Baba mshipani, akambana kifaa cha hewa usoni. Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba Baba alivuta pumzi moja kama mtu anayetolewa kisimani, akafungua macho, akatutukana. Katika maisha yangu sijasikia matusi matamu kama yale.

Sasa nikueleze wazimu wetu, maana ndio ulionitoa usingizi. Jioni ile daktari alituweka kwenye chumba chake akauliza, bila hasira, kwa nini hatukumwambia alipouliza. Mama akamjibu kwamba hakusema uongo. Bahman, aliamini hivyo kwa moyo wake wote! Mraibu ni yule anayevuta, aliyekaa kwenye jiko la makaa na kiko mkononi, macho yamelegea, nyumba imeuzwa. Baba, Haji wake, anakula tu. Kila asubuhi na chai, kipande cha ukubwa wa dengu, kwa ajili ya goti. Hiyo ni dawa, si ulevi. Shangazi naye akasema aliona kaka yake anateseka kwa kukosa dawa yake, akamletea, kuna kosa gani? Daktari alishika paji la uso. Akasema maumivu yale na jasho lile yalikuwa mwili kudai afyuni yake. Sindano hazikufaa kitu kwa sababu mwili ulikuwa umeshazoea kikubwa zaidi. Na afyuni ya flaski ilipokutana na sindano waliyoiongeza bila kujua, ndipo pumzi ikazimika. Angejua tangu siku ya kwanza, angepanga kila kitu vingine.

Nikamuuliza kile ambacho sote tulikuwa tunakiogopa, kama sasa atawaita polisi. Alicheka kicheko kikavu. Akasema, "Bibi, katika mji huu nikimpeleka polisi kila anayekula, nitabaki kumpasua nani? Mimi siulizi ili nihukumu. Nauliza ili aamke." Neno hilo nimelibeba mpaka leo.

Ami Jalil hasemi nami. Kwenye arobaini ya mkwewe alinipita kama anayepita nguzo. Shangazi Turan anasema nilimwita muuaji, ingawa sikumwita. Mama alininunia mpaka theluji ya kwanza, halafu akaniletea sahani ya vile vikeki vya tende, kolompe, na kusema nimekonda. Ni yeye aliyeamuru wewe uambiwe habari za mapafu, kwa sababu ya yale yaliyopita kati yako na Baba. Tulikubali sote. Nisamehe kwa hilo.

Nafika sasa kwa lile lililonifanya nishike kalamu. Nasrin ameniambia kwamba tangu mgongo uanze kukusumbua, hupandi kreni bila kumeza kipande chako cha afyuni asubuhi. Ameniambia ulipoulizwa kule kliniki ulisema hutumii kitu, mama mkwe wako akakazia kwamba mkwe wake hata sigara haijui. Na ameniambia ulivyopanga na shemeji yako akuletee kipande baada ya upasuaji, usije ukaaibika wodini. Najua unaogopa kupoteza kazi ya bandarini. Najua pia unajiambia wewe huvuti siku hizi, unakula tu. Bahman, nimelisikia neno hilo hilo kutoka kwa Mama, na Baba alikuwa ameshabadilika rangi.

Nilipopata habari hizi nilikwenda kwa Baba. Nilidhani atapiga kelele kama siku ile alipokukuta na harufu ya moshi kwenye koti akakuzaba kibao mbele ya wageni, ukaondoka na begi moja na tangu hapo hujamwita Baba, unamwita Mwalimu Mkuu. Hakupiga kelele. Alikaa, akazungusha tasbihi, halafu akaniambia nikuandikie haya, na akanifanya nimsomee nilichoandika.

Alisema: siku niliyompiga, nilikuwa nimekula yangu asubuhi. Nilikuwa nimeanza zamani, kabla yeye hajajua afyuni ni nini. Nilimpiga kwa kuwa niliinusa kwake nikaogopa mtu asije akainusa kwangu. Na siku daktari alipouliza, nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Jalil akawahi kunisifu, nikaona afadhali nife nikiwa nasifiwa. Mwambie nilichagua hivyo, nikiwa na akili zangu.

Kisha akalia, Bahman. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Daktari Kamrani anampunguzia afyuni kidogo kidogo sasa, Baba anakwenda kwake kila mwezi, na siku ya kwanza alituacha wote nje akamwambia mwenyewe kila kitu. Alitoka amechoka kama aliyelima shamba.

Kwa hiyo sikuombi, nakuarifu. Jumanne nitakuwa kwenye basi. Jumatano asubuhi nitafika hospitali yenu kabla hujalazwa, na nitamtoa nje kila mtu, Nasrin, shemeji yako, mama mkwe wako hata kama ni kwa kumbeba na kiti chake. Mlango nitaufunga mimi, nami nitabaki upande wa nje. Sitakusemea neno hata moja. Daktari atakapokuuliza, mtakuwa wawili tu, na utamwambia unakula nini, kiasi gani, na ulikula lini mara ya mwisho. Ukisema uongo, sitajua. Nitajua tu kama hukuamka.

Wabusu watoto macho kwa ajili yangu. Mwambie Nasrin amefanya vizuri kunipigia, na asiwe na hofu nawe. Mama anakusalimu na anakutumia jira na pistachio, atakazoleta msafiri. Mume wangu naye anakusalimu sana.

Msafiri si mimi peke yangu. Tumemkataza, tumemwonyesha urefu wa safari, hasikii. Baba anakuja na chuma chake. Amenituma nikuambie kwamba atakaa nje kwenye ukumbi pamoja nasi, na hataingia mpaka umwite mwenyewe, kwa jina lolote utakalopenda kumwita.

Ni mimi dada yako anayekupenda, hata unaponichukia,
Mahrukh