Amka, Dereva

4 Februari

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mama bado anapiga pasi pale kwa dobi, na kidole alichoungua kimeanza kupona. Chumba tulichohamia ni kidogo, lakini dirisha linapata jua la asubuhi, kwa hiyo nasoma bila kuwasha taa.

Shule mpya si mbaya. Maktaba ina vitabu vingi ambavyo hakuna anayeviazima, nimevifanya vyote vyangu. Lakini nina habari ambayo huwezi kuiamini. Niko kwenye bendi.

Darasani kwetu kuna msichana tunamwita Nyundo, maana hupiga dawati kwa vidole mpaka mwalimu wa hesabu anamtoa nje. Anaishi kwa mjomba wake, mwenye duka la magodoro. Alinifuata maktaba akaniuliza, "Wewe huwa unaongea?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hiyo inatosha. Njoo upige besi." Besi ni gitaa la nyuzi nne, na nadhani nilipewa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Nyundo anapiga dramu. Gitaa na kuimba ni kazi ya mvulana mfupi anayeitwa Kiberiti, kwa vile anavyowaka haraka. Mimi wananiita Maktaba. Muziki wetu unaitwa panki. Ni wa mbio na makelele, na wimbo ukizidi dakika tatu Kiberiti anasema tumezeeka.

Mazoezi tunafanyia stoo ya duka, Jumapili likiwa limefungwa. Magodoro yamepangwa mpaka darini, yanameza sauti yote. Ukisimama mlangoni husikii neno hata moja, unasikia tu du-du-du kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Kwangu ni afadhali. Unajua nilivyo na haya.

Na wewe afande unayesoma barua hizi, shikamoo.

Binti yako

19 Februari

Binti yangu, mama yangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Nafurahi kwamba kidole cha mama yako kinapona. Mwambie pasi haina haraka.

Panki mimi naijua ya nywele tu. Kama umenyoa upande mmoja, niambie mapema nijiandae. Afande naye ameitikia, anasema marahaba, na anataka kujua kama huyo Kiberiti ana adabu.

Mimi si mtu wa muziki, lakini nitakwambia kitu cha udereva. Besi naona ni kama breki na klachi, abiria hawazioni ila zikikosekana wote wanajua. Usiogope kukanyaga.

Niandikie maneno ya wimbo mmoja. Huku mchana ni mrefu, nitayakariri. Na habari nyingine: nimeambiwa nikiendelea hivi nitapunguziwa kifungo, huenda nikatoka Juni. Kituo changu cha kwanza kitakuwa kwenu. Nitasimama mbele kabisa ya bendi yenu na kuwaaibisha kwa kucheza.

Baba yako

15 Machi

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za afya? Sisi hatujambo. Mama amefurahi sana kwa habari za Juni, tangu siku ile anaimba akifua. Sijanyoa upande wowote.

Mambo ya bendi yanaendelea. Maneno uliyoyataka si mengi. Wimbo wa kwanza unaitwa "Foleni ya Choo", unahusu foleni ya choo cha shule, na kiitikio ni kugonga mlango. Mwingine unahusu mwalimu wa zamu, lakini huo siwezi kuuandika hapa, afande atatushika. Kuna mmoja mpya aliouandika Nyundo. Huo bado haujakaa sawa. Nitakutumia siku nyingine.

Jumamosi ijayo tuna onyesho letu la kwanza, kwenye ukumbi wa vijana karibu na stendi. Nimemwomba Mama asije kwa sababu kutakuwa na kelele. Amesema amefanya kazi kwenye mashine za kufua miaka yote hii, kelele gani hizo zitakazomshinda.

Binti yako

28 Aprili

Mama,

Habari za siku nyingi. Mimi sijambo. Nimengoja barua yako wiki hadi wiki. Nilidhani imekwama, lakini afande amekula kiapo kwamba hajaiona.

Mama yako alikuja kunitembelea. Aliniangalia kama mtu anayehakikisha kitu, akanishika mkono mpaka muda ukaisha. Nilimuuliza onyesho lilikuwaje. Akasema, "Walipiga vizuri. Mengine atakwambia mwenyewe."

Mengine yapi? Kama mlizomewa, si kitu. Mimi siku ya kwanza kuendesha niligonga lango la tajiri. Niandikie.

Baba yako

12 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi ni wazima wa mwili.

Naandika barua hii kwa mara ya sita. Afande, wewe utaisoma kabla yake na siwezi kukuzuia. Naomba tu usimsomee mtu mwingine.

Siku ya kwanza kule stoo Nyundo aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Ningeweza kusema dereva. Ningeweza kusema yuko safarini. Nilisema amefariki. Kiberiti alizima spika. Nyundo aliruka kutoka juu ya magodoro akanikumbatia, na katika shule ile hakuna aliyewahi kunikumbatia. Ile shule ya zamani wote walijua uko wapi. Walikuwa wakiniona wanaziba matundu ya chupa zao za maji, eti nisinyonye. Hapa nilitaka mahali ambapo hakuna anayejua.

Baada ya hapo walipenda kuniuliza habari zako, nami niliwaambia, na yote niliyowaambia yalikuwa kweli. Kwamba unapiga mluzi ukirudisha gari nyuma. Kwamba ulikuwa unanipa kifuniko cha chupa ya chai nishike, mpaka chai ipoe. Nyundo akayafanya wimbo. Huo ndio uliokuwa "haujakaa sawa". Ulikaa sawa siku ileile. Ndio wimbo wetu bora, na maneno yake ni haya:

Alipiga mluzi akirudi nyuma,
akanipa kifuniko nishike joto,
hakumkosea mtu, hakumkosea mtu,
mbona barabara imemlaza?
Amka, dereva, amka.

Stoo magodoro yalikuwa yanayameza maneno hayo, na mimi nilikuwa nayasikia kama yanamhusu mtu mwingine. Ule ukumbi una paa la bati. Ndiyo mara ya kwanza tulijisikia wenyewe. Kila nilipokosea nilijisikia mara mbili, mara moja kwenye vidole na mara ya pili kutoka juu. Kisha Nyundo akachukua maiki, akasema, "Huu unaofuata ni wa marehemu baba yake Maktaba." Mama alikuwa safu ya pili, mkoba mapajani.

Watu waliupenda. Mara ya pili ya kiitikio ukumbi mzima ulikuwa unaitika "Amka." Mwanamke aliyekaa karibu na Mama alimpapasa bega, akampa pole. Mama akasema asante. Niliona midomo yake. Mimi niliendelea kupiga nikiangalia viatu vyangu, na wimbo huo sikukosea hata noti moja, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Mlangoni kwetu Mama akawa anatafuta ufunguo kwenye mkoba, akaniuliza bila kuniangalia, "Kwa hiyo mimi ni mjane tangu lini?"

Nikasema tangu Januari.

"Na mimi nafua shati lake la kutokea," akasema.

Nilimwahidi kwamba nitawaambia wenzangu kabla ya kwenda kurekodi. Tulikwenda kurekodi wiki iliyopita. Studio ni chumba kimoja nyuma ya saluni, kimebandikwa trei za mayai ukutani, na kila mashine ya kukausha nywele ikiwashwa inabidi tusimame tungoje. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini fundi wa sauti alivua visikizi, akasema, "Pole sana, mdogo wangu. Mimi wangu alikwenda mwaka juzi." Nikasema asante, kama Mama. Tukarekodi. Umetoka vizuri sana.

Najua unatoka mwezi ujao. Sijui nitakuangaliaje.

Binti yako

29 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na safari hii nasema mzima kwa kusisitiza.

Afande alinipa barua yako bila kuniangalia usoni, nikajua kabla sijaifungua kwamba kuna msiba. Sikujua ni wangu.

Nimekaa nayo siku nyingi. Sikukasirika. Niliona aibu. Aibu nimeshaizoea, nimelala nayo chumba kimoja karibu miaka miwili, lakini hii ilipitia mlango ambao sikuwa nimeufunga. Hayo ya chupa za maji hukuwahi kuniambia.

Wimbo ni mzuri. Mluzi ni kweli. Kifuniko ni kweli, na nilidhani umesahau. Lakini huo mstari wa tatu si kweli na wewe unajua. Nilikabidhiwa gari nikawa nanyonya mafuta yake nauza, na kijana wa stoo ya kazini akafukuzwa kwa wizi wangu kabla ya mimi kukamatwa. Nilimkosea mtu. Nimewakosea wengi, na wewe ukiwa wa mbele.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Tarehe imetoka, ni Ijumaa ya tarehe kumi na nne. Baba yako mkubwa ananihitaji kwenye kiwanda chake cha matofali, na ni mbali. Nitakwenda huko moja kwa moja. Utamaliza shule yako kwa amani na bendi yako itaendelea, mama yako atakuja kuniona akipata nafasi. Usinifufue kwa huruma. Huyo dereva wa kwenye wimbo ni mtu mzuri kuliko mimi. Mwache apumzike.

Usilie kwenye maktaba, vitabu vinaharibika.

Baba yako

10 Juni

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakuwahi. Sisi hatujambo. Mama amesoma barua yako mara moja tu, akaikunja, akasema, "Matofali." Kisha akaenda kupiga pasi, na nyumbani hakukuwa na nguo ya kupigwa pasi isipokuwa lile shati.

Nimewaambia. Ilikuwa Jumapili, stoo, kabla ya kuwasha chochote. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nikashindwa kuisoma, nikasema tu: Baba yangu yuko hai, yuko kifungoni, aliiba mafuta, anatoka Ijumaa ya wiki ijayo.

Kiberiti akauliza, "Hai kabisa?"

Nikasema kabisa.

Nyundo alikuwa ameshika fimbo zake za dramu. Aliziweka chini polepole, moja, halafu nyingine, na heri angezitupa. Akasema, "Wangu amekufa kweli, Maktaba. Alikuwa anashona magodoro hapahapa. Unadhani kwa nini naishi kwa mjomba? Wimbo ule niliuandika nikiwaza wawili. Nilidhani tuko wawili."

Sikuwahi kumuuliza, Baba. Miezi yote hiyo yeye ananiuliza habari zako, mimi sikuuliza hata mara moja. Niliogopa akinijibu itabidi na mimi niendelee kudanganya. Niliegemeza besi kwenye magodoro nikaondoka, na hakuna aliyeniita.

Siku zilizofuata alikaa dawati la nyuma na hakupiga vidole. Mwalimu wa hesabu alimuuliza kama anaumwa.

Kisha leo akaja maktaba. Alisimama upande wa pili wa rafu, namwona macho tu juu ya vitabu. Akasema wimbo ameubadilisha, na Kiberiti amekubali wakaurekodi upya, trei za mayai zilezile. Sasa ni "Amka, fundi". Mluzi ameutoa, kifuniko ametoa, ameweka sindano kubwa na pamba kwenye nywele. "Hakumkosea mtu" ameuacha palepale, kwa sababu kwake ni kweli. Nikauliza besi amepiga nani. Akasema, "Hakuna. Pana shimo."

Akauliza, "Anatoka lini?"

"Ijumaa."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Lakini hataki kuja kwetu. Anakwenda kwenye matofali."

Halafu akasema, "Nitakuja. Nataka kumwona marehemu kwa macho yangu." Hakucheka, na sikujua kama amenisamehe. Sidhani. Lakini aliuliza ni basi gani linafika huko.

Baba, sikufufui kwa huruma. Kwenye wimbo sasa wewe humo, na mimi sina pa kukuficha tena. Wakiniuliza shuleni uko wapi nataka niseme yuko nyumbani, anapiga mluzi, anatuudhi. Wakiziba chupa zao, wazibe.

Afande, najua wewe utaisoma hii kwanza. Ikifika naye ameshaitwa kutoka, naomba umcheleweshe kidogo. Mwambie amesahau kitu ndani, akakitafute. Sisi tutakuwa langoni tangu asubuhi, mimi, na Nyundo, na Mama na lile shati.

Binti yako